Mawimbi ya Ubongo na Githeri ya Embu

Chai ya Kianjokoma huchumwa mwaka mzima, lakini pesa yake nzito huja mara moja, wakati wa bonasi, mwezi wa Oktoba. Kila mwenye bidhaa anaijua tarehe hiyo. Magodoro, matangi ya maji, mabati na simu hupandishwa kutoka Embu mjini kufuata pesa ziliko. Na kwa kuwa mtihani wa KCSE hufanywa majira hayohayo, kuna biashara nyingine inayonawiri pembeni, nayo ni ya akili za watoto: vitabu vya marudio, masomo ya ziada, chupa za mafuta ya samaki, maombi maalumu ya watahiniwa. Mzazi aliyepokea bonasi huku ana mtoto wa Kidato cha Nne hahitaji kubembelezwa sana.

Mzazi huyo ndiye mteja mtarajiwa wa mkanda wa kichwani. Ni mkanda mwembamba unaovaliwa kwenye paji la uso, unasoma umeme wa ubongo na kuutuma kwenye simu, na simu inamwonyesha mvaaji kama ametulia au akili imemtoroka. Ukitulia, unasikia ndege wakilia. Ukizubaa, upepo unavuma. Ahadi yake ni kwamba ukiurudia mchezo huo wiki kadhaa, ubongo utajifunza kukaa pale unapotakiwa, na umakini, kumbukumbu na alama zitafuata. Wataalamu huuita mrejesho wa mawimbi ya ubongo. Yeyote mwenye simu na kadi ya benki anaweza kuuagiza mkanda huo.

Tupige hesabu kwanza. Mikanda ya aina hii, kama Muse wa kampuni ya InteraXon ya Toronto, huuzwa kwa dola mia kadhaa. Tukichukua dola 250, na dola moja kwa shilingi 130 hivi, tunazungumzia zaidi ya shilingi 32,000 kabla ya ushuru na usafiri. Malipo ya kwanza ya majani mabichi ya chai, yale yanayoingia mwezi kwa mwezi, hayafiki shilingi 30 kwa kilo. Kwa hiyo mkanda mmoja ni zaidi ya kilo 1,000 za majani mawili na chipukizi, zilizobebwa mgongoni hadi kituo cha kununulia, kabla mchumaji hajalipwa na mbolea haijakatwa. Na hapo ni mkanda wa nyumbani tu. Kliniki za Marekani zinazotoa mafunzo haya hutaka mtu aketi mara 20 hadi 40, na bili yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola.

Kwa bei hiyo, mtu ana haki ya kuuliza kilichomo.

Kilichomo ni kipimo cha miaka mia moja. Mwaka 1924, katika mji wa Jena nchini Ujerumani, daktari Hans Berger alifanikiwa kunasa umeme wa ubongo wa binadamu, na akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Umeme wenyewe ni mdogo mno, makumi ya sehemu za milioni za volti, lakini unapanda na kushuka kwa mapigo yanayohesabika. Mapigo kati ya 8 na 13 kwa sekunde aliyaita alfa. Yaliyo ya kasi zaidi ni beta. Ya polepole, kati ya 4 na 8, ni theta. Na yale mazito ya usingizi mzito, chini ya 4, ni delta. Berger hakuanza kazi hiyo kwa ajili ya tiba. Akiwa askari kijana alianguka kutoka kwenye farasi na kuponea chupuchupu, na siku hiyohiyo familia ikampelekea simu ya maandishi kwa kuwa dada yake, aliyekuwa mbali, alishikwa na hofu juu yake. Berger akaamini kuwa mawazo yalisafiri, akautumia ujana wake kuitafuta nguvu hiyo. Hakuipata. Kifaa alichotuachia, hata hivyo, bado kinauzwa kwa ndoto ileile ya kuyaona mawazo.

Huko Cambridge, mwaka 1934, Edgar Adrian, ambaye tayari alikuwa na tuzo ya Nobel, alithibitisha kuwa Berger hakuwa akiota. Yeye na mwenzake Matthews walionyesha kuwa alfa huonekana wazi mtu akifumba macho na hutoweka akifumbua na kuanza kutazama kitu. Walipata pia mapigo yanayofanana na hayo kwenye neva za macho za mende wa majini. Habari hiyo ya mende sijawahi kuiona kwenye tangazo lolote la mikanda.

Naitaja kwa sababu. Kuongeza alfa si kazi. Fumba macho sasa hivi, imeongezeka. Kunywa chai pia: jani la chai lina kemikali iitwayo theanini, na watafiti wamepima kuwa miligramu 50 zake hupandisha alfa kwa watu walioketi wametulia. Kikombe cha kawaida cha chai ya rangi kina miligramu 24 hivi, kwa hiyo mtu wa Kianjokoma anayekunywa vikombe viwili kabla ya saa nne asubuhi amekwishaufikia mlango wa maabara bila kujua, ingawa maziwa yakizidi kipimo hupungua. Ukishuka upande wa Mbeere utakuta jani lingine, muguka, ambalo madereva na wanafunzi hulitafuna wasilale, na ambalo mwaka 2024 lilizusha vita vya kisheria baada ya magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta kulipiga marufuku. Majani yote mawili hubadilisha hali ya ubongo, na kubadilika huko kunapimika. Hakuna anayesema kwamba yanampa mtu akili. Wimbi kubadilika ni jambo moja, na mtu kuwa hodari zaidi ni jambo jingine, na biashara nzima ya mikanda imejengwa juu ya kuyachanganya haya mawili.

Aliyefungua mlango wa mafunzo ni Joe Kamiya, katika Chuo Kikuu cha Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950. Alimweka mtu kwenye chumba chenye giza, macho yamefumbwa, akipiga kengele mara kwa mara na kumtaka abahatishe kama wakati huo ubongo wake ulikuwa kwenye alfa au la, kisha akimwambia kama amepata. Siku ya kwanza mtu wake wa kwanza alipata nusu kwa nusu, yaani alikuwa akibahatisha kweli. Siku ya nne alikuwa hakosei. Hapakuwa na aliyemweleza ajue vipi, na yeye mwenyewe hakuwa na maneno ya kutosha ya kueleza. Ni kama mtoto anavyojifunza kupiga mluzi: hakuna awezaye kumwelekeza ulimi ukae wapi hasa, ila sauti ikitoka anaisikia, na kesho yake ulimi unakumbuka njia.

Kufikia miaka ya 1970 Marekani ilikuwa imepagawa na alfa. Vijana waliitafuta kama amani ya rohoni isiyohitaji dini. Ndipo watafiti kama William Plotkin na Martin Orne walipoketi na kuuliza swali la kichokozi: je, amani hiyo inatoka kwenye wimbi, au inatoka kwa mtu aliyeambiwa kuwa ataipata? Ilionekana kuwa walioahidiwa raha waliiona raha, hata pale wimbi lenyewe halikupanda. Homa ikashuka.

Kuna kisa kimoja ambacho hakishuki kirahisi hivyo, nacho ni cha paka. Barry Sterman, huko Los Angeles, aliwafundisha paka kutoa mapigo ya 12 hadi 15 kwa sekunde kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza mwili, kila wakifaulu wanapewa maziwa na mchuzi wa kuku. Baadaye jeshi la anga la Marekani lilitaka kujua madhara ya mafuta ya roketi, yanayosababisha degedege. Sterman akatumia paka aliokuwa nao. Wale waliowahi kufunzwa walichelewa kuingia kwenye degedege, na wengine hawakuingia kabisa. Paka hana matarajio. Hajasoma gazeti, hajaahidiwa chochote na daktari. Mwaka 1972 Sterman na mwenzake Friar wakatoa taarifa ya mwanamke mwenye kifafa ambaye mafunzo hayohayo yalimpunguzia degedege. Hapo ndipo fani hii inaposimama kwa miguu yake, na ni haki kuisimamisha hapo kabla ya kuihukumu mahali pengine.

Kuihukumu kwahitaji mizani, na kwa bahati mizani bora niijuayo kuhusu akili za watoto wa kijijini Afrika ilitengenezwa Embu hapahapa.

Mwaka 1998, katika tarafa ya Kyeni Kusini, upande wa Runyenjes, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakiongozwa na madaktari wa watoto Charlotte Neumann na Nimrod Bwibo, walichukua shule 12 za msingi na watoto 555 wa darasa la kwanza. Shule ziligawanywa kwa kura katika makundi manne. Katika kundi la kwanza watoto walipewa githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, yenye nyama ya kusaga kila siku ya shule. Kundi la pili walipewa githeri na maziwa. La tatu, githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu ya chakula ilingane na ile ya nyama na ya maziwa. La nne halikupewa kitu. Lilikuwa la kulinganishia. Wakawapima akili tangu mwanzo na kurudia kwa muda wa karibu miaka miwili, kwa majaribio kadhaa, likiwemo lile la Raven, ambapo mtoto huonyeshwa mchoro uliokatwa kipande na kutakiwa achague kinachoziba pengo.

Tazama walivyofikiri. Mtu wa kawaida angewapa watoto nyama, angeona wameendelea, angeshangilia. Lakini watoto wote huendelea. Mtoto wa miaka saba hakosi kumzidi akili yule aliyekuwa yeye akiwa na sita. Huenda pia walioshiba tu, kwa chochote, wangetulia darasani. Huenda kuwepo kwa wageni na sufuria shuleni kungewaamsha. Ndiyo maana ya mafuta na ndiyo maana ya kundi lisilopewa kitu: kila maelezo ya mkato yalitengewa kundi lake la kuyaumbua.

Matokeo hayakuwa nadhifu, na kwa hilo nayaamini. Waliokula nyama waliwazidi wote wengine kwenye jaribio la Raven. Katika hesabu, wa nyama na wa mafuta waliwapita wale wasiopewa kitu. Katika kuelewa maneno, hakukuwa na tofauti yoyote kati ya makundi. Maziwa, ambayo kila mzazi angeyapigia kura, hayakufua dafu kwenye Raven. Huenda yanazuia mwili kufyonza chuma, jambo ambalo watafiti walilieleza kama dhana tu. Uwanjani, waliokula nyama walichangamka zaidi na walionekana kuongoza wenzao kwenye michezo. Chuma, zinki na vitamini B12 ndivyo vinavyoshukiwa kufanya kazi hiyo, kwani chakula cha mahindi na maharagwe pekee huwa navyo haba au huvifunga visifyonzwe vizuri.

Kazi ya Embu haikuanzia hapo. Timu hiyohiyo ilikuwa imewapima watoto wa eneo hili mwaka 1984, mwaka wa ukame. Walipolinganisha watoto wa 1984 na wa 1998 wakakuta kizazi cha pili kimepanda sana kwenye Raven, na mwaka 2003 wakaandika kuwa, kwa kadiri walivyojua, ni mara ya kwanza kwa kupanda huko kuthibitishwa kijijini katika nchi inayoendelea. Sababu walizozielekea ni za nyumbani: wazazi waliosoma zaidi, familia zilizobadilika, chakula kilichoboreka. Akili ya mtoto wa Embu ilipanda bila mtu yeyote kuufunza ubongo wake moja kwa moja.

Sasa tuichukue mizani hiyo twende nayo kwenye mikanda. Kundi la kulinganishia hapa linahitaji ujanja zaidi kuliko sufuria. Mtoto aketishwe, avalishwe waya, acheze mchezo kwenye skrini, asifiwe, arudi nyumbani. Lakini mchezo wake uendeshwe na mawimbi yasiyo yake. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofanya hivyo kwa watoto 144 wa miaka 7 hadi 10 wenye ADHD, ile hali ya kutotulia na kukosa umakini. Kwa kundi la bandia walitumia rekodi ya ubongo iliyohifadhiwa, kisha wakaipachikia kupepesa macho na kujitikisa kwa mtoto mwenyewe, ili akipepesa aone skrini ikiitikia na asishuku. Vipindi 38 kila mmoja. Wazazi hawakujua, walimu hawakujua, na hata waliokuwa wakiwapa mafunzo hawakujua nani ana nini.

Watoto wa makundi yote mawili waliendelea vizuri, na waliendelea sawa.

Walioufanya utafiti huo walitaja jambo moja la kuwapa moyo: miezi 13 baadaye, waliopata mafunzo ya kweli walihitaji dawa kidogo kuliko wenzao. Lakini umakini wenyewe, ambao ndio uliokuwa swali, haukutofautiana. Mwishoni mwa 2024 jarida la JAMA Psychiatry likachapisha uchambuzi wa majaribio 38 yenye washiriki 2,472: pale ambapo anayetoa alama hajui nani alifunzwa, hakuna nafuu ya maana kwenye dalili za ADHD. Kilichobaki ni nafuu kwenye kasi ya kuchakata mambo kichwani, na hiyo ni ndogo kweli. Kwa wasiopata usingizi, utafiti wa Schabus na wenzake huko Salzburg, mwaka 2017, ulifikia mahali palepale: wa kweli na wa bandia walijisikia vizuri sawasawa.

Hapa kuna fundisho ambalo wapinzani wa mikanda hulipita mbio mno. Wale watoto wa bandia walipona kidogo kwa kweli. Mtu mzima aliwakalia mara 38, akiwatazama, akiwaambia wako sawa, akiwazoesha kuketi. Robert Thibault na Amir Raz, waliokuwa Chuo Kikuu cha McGill, wameandika kwa kirefu kwamba nguvu ya fani hii yaelekea iko kwenye kikao na matumaini kuliko kwenye wimbi. Nakubaliana nao, lakini naongeza jambo wasiloliweka mbele: kama ni kikao, basi mwalimu wa kawaida mwenye darasa la watoto 60 anaujua umuhimu wake, na anajua pia kwa nini hakipo.

Na wenye afya zao, wanaotaka tu kuwa hodari zaidi? Huko kuna vitu vya kupendeza. Mwaka 2003 Tobias Egner na John Gruzelier waliwafunza wanamuziki wa Royal College of Music ya London, na waamuzi ambao hawakujua nani amefunzwa walisikia tofauti kwenye upigaji wao. Mwaka 1991 Daniel Landers na wenzake waliwafunza wapiga mishale: waliopewa mrejesho sahihi walilenga vizuri zaidi, na waliopewa mrejesho wa kinyume waliharibika. Ule wa kinyume ndio unaonivutia, kwa sababu anayedhani amesaidiwa hana sababu ya kuharibika. Ila makundi yenyewe yalikuwa madogo, na umbali kati ya mpiga mishale aliyekwishaiva na mwanafunzi anayehangaika na fizikia ni mrefu. Mazoezi ya akili yana tabia ya kumnoa mtu kwenye kilekile alichokifanyia mazoezi. Kampuni ya Lumosity iliuza michezo ya kompyuta kwa kudai kuwa itamsaidia mtu shuleni na kazini; Januari 2016 ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya shirika la serikali ya Marekani linalolinda wateja.

Halafu kuna suala la mkanda wenyewe kuona unachodai kuuona. Wimbi la paka wa Sterman hupimwa utosini, juu ya sehemu inayoongoza viungo. Mkanda wa nyumbani unakaa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, mahali pasipo na nywele, kwa kuwa ndipo panapouzika. Kwenye paji hilo, umeme wa macho yanayopepesa na wa misuli inayokunja uso ni mkubwa kuliko wa ubongo, na programu ya simu inalazimika kukisia kipi ni kipi. Ukibana meno, beta inapanda. Misuli ya taya ndiyo inayosema. Mtafuna muguka akivalishwa mkanda huo akiwa kazini na shavu limejaa, simu itamwona mtu mwenye fikra nzito ajabu.

Ukienda utosini unakutana na nywele. Vipimo vya EEG, yaani vya kunasa umeme wa ubongo, vilibuniwa kwa vichwa vya Ulaya, ambavyo nywele zake husukumwa pembeni. Nywele zetu zikiwa ndefu na nzito husukuma kipimo kirudi juu, kisigusane na ngozi, na mara nyingi mwenye nywele hizo huondolewa kwenye utafiti kimyakimya. Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, alilitatua tatizo hilo kwa njia ambayo msusi yeyote wa Kianjokoma angeielewa kwa mtazamo mmoja: sukia mistari kufuata mahali vipimo vinapotakiwa kukaa, kisha bana kipimo kati ya mistari kwa kibanio kinachoegemea nywele zenyewe na kuzing'ang'ania. Ishara ikatoka safi. Kwa watoto wetu wengi wa shule, ambao kanuni za nywele huwaacha na vipara, tatizo hilo halipo. Labda ndiyo faida pekee ya kinyozi wa shule ambayo sayansi imeithibitisha.

Ninachokihofia zaidi ni mkanda kufika shuleni. Mwaka 2019 watoto wa shule moja ya msingi ya Jinhua, nchini China, walipigwa picha wakiwa darasani na mikanda ya kampuni ya BrainCo. Taa ya mbele ikiwaka nyekundu, mtoto yuko makini. Ikiwa ya samawati, amezubaa. Matokeo yalienda kwa mwalimu na kwa wazazi. Wachina wenyewe wakaja juu mtandaoni hadi matumizi yakasitishwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka idhini ya mzazi na maslahi ya mtoto kabla taarifa zake hazijashughulikiwa. Lakini mzazi anayeambiwa na mwalimu mkuu kwamba mkanda utaongeza wastani wa shule hatauliza vifungu vya sheria. Atasaini, halafu atachanga.

Na shule hiyohiyo huenda inawaamsha watoto saa kumi alfajiri. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 ziko wazi: masomo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, marudio ya jioni yaishe saa tatu na nusu usiku, na wa bweni walale hadi saa kumi na mbili. Hiyo ni saa nane na nusu za usingizi kwa mujibu wa sheria, na kila aliyepitia bweni nchini anajua zinavyoliwa. Katika usingizi huo ubongo hutoa milipuko mifupi ya mapigo ya kati ya 11 na 16 kwa sekunde, inayohusishwa na kuhifadhi yale yaliyosomwa mchana. Ni jirani kabisa wa wimbi ambalo Sterman aliwalipa paka maziwa na mchuzi ili walitoe, na paka waliofunzwa kulitoa walilala kwa utulivu zaidi. Shule inayokata usingizi kisha ikanunua mkanda inalipia kurudishiwa ilichokitupa.

Mahali ambapo kusoma mawimbi kunaweza kumbadilisha mtoto wa Kianjokoma ni pengine kabisa, na hakuna mafunzo yoyote ndani yake. Kuna aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki wala hatoi povu. Anakatika tu. Sekunde kumi hivi macho yanaganda, kalamu inasimama, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, na hali hiyo inaweza kumrudia mara nyingi kwa siku. Darasani ataitwa mzembe, mwenye ndoto za mchana. Kwenye EEG hali hiyo haifichiki: mapigo makali matatu kwa sekunde, ubongo mzima, yanaanza na kukoma ghafla. Dawa yake inajulikana, na ni muhimu aina ya kifafa ijulikane kwanza, kwani baadhi ya dawa za kifafa huizidisha hii. Huko Kilifi watafiti wa KEMRI-Wellcome wametumia kipimo hiki kwa miaka mingi kwa watoto wenye malaria ya ubongo na kwa wenye kifafa. Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela imeshiriki kuonyesha kuwa vifaa vya bei nafuu vikiwa na mafunzo mazuri huweza kutoa rekodi zinazofaa hata uwanjani, mbali na maabara. Mtoto wa namna hiyo akitambuliwa, alama zake zaweza kupanda kwa kiasi ambacho hakuna mkanda uliowahi kuthubutu kukiahidi.

Kama yupo mwenye mikanda anayeamini bidhaa yake, Embu imekwishamwandalia utaratibu. Achukue shule 12, azipigie kura kwa makundi manne: mkanda wa kweli, mkanda wa bandia unaopepesa mtoto akipepesa, githeri ya nyama, na kundi lisilopewa kitu. Apime kwa Raven na kwa mtihani wa muhula, na anayesahihisha asijue nani alivaa nini. Gharama ya makundi mawili ya kwanza aibebe mwenyewe. Kundi la githeri ndilo ningependa kumwona akikubali liwemo.